Maswali ya Wasomaji: Kutoka Mota ya Klachi Hadi Mota ya Sevo

Safari hii tunajibu maswali ya mafundi kuhusu kasi ya cherehani za viwandani.

Swali: Habari za kazi. Ninashona mabegi ya turubai na ngozi kwa cherehani ya mota ya klachi. Nikigusa pedali tu inaruka, na kwenye kona mshono unatoka kwenye mstari. Nimeshauriwa niweke mota ya sevo. Je, itaingia kwenye meza ileile? Na ninunue ya wati ngapi?

Jibu: Mara nyingi inaingia bila kutoboa meza upya, maana mota nyingi za sevo hufungwa kwa boliti tatu zilizopangwa kama zile za klachi. Pima nafasi za matundu kabla ya kununua.

Mota ya klachi huzunguka kwa kasi yake yote tangu unapowasha swichi. Pedali haipunguzi kasi hiyo, bali inasogeza bamba la klachi liteleze kidogo kabla halijashika. Bamba likichakaa au likiingia mafuta, hushika ghafla, na ndiyo maana cherehani yako inaruka. Mota ya sevo hukaa imesimama mpaka ukanyage, kisha huzunguka kwa kiasi ulichokanyaga.

Wati 550 zinatosha kwa nguo za kawaida. Kwa ngozi na turubai chukua 750. Lakini usianze na wati, anza na puli, yaani gurudumu dogo la mota linalovuta mkanda, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama utaweza kushona tundu kwa tundu, mshono mmoja mmoja. Hesabu yake ni hii: kasi ya mota, mara kipenyo cha puli ya mota, gawanya kwa kipenyo cha gurudumu la cherehani. Pima kipenyo pale mkanda unapokaa ndani ya mfereji, si ukingo wa nje.

Tuseme mota ya klachi ina mizunguko 2,850 kwa dakika, puli ya milimita 75 na gurudumu la milimita 100. Cherehani inapiga mishono kama 2,138 kwa dakika, kasi ambayo ngozi haiihitaji kabisa. Weka sevo yenye puli ya milimita 45. Mota ikianza kuzunguka kwa 200, sindano inashuka mara 90 kwa dakika, yaani mara moja na nusu kila sekunde. Hapo kona unaipinda bila wasiwasi. Puli ndogo pia inaongeza nguvu ya kuzungusha, hivyo sindano haikwami kwenye tabaka nene.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa. Chomoa plagi, na usiguse mkanda mpaka mota isimame kabisa, kwani ile ya klachi huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuzimwa. Toa mkanda na fimbo ya pedali. Kabla ya kulegeza nati za chini ya meza, weka sanduku au kigogo chini ya mota, maana nyingine hupita kilo 20 na zikidondoka zinavunja vidole. Funga sevo kwa boliti zenye washa (vipete) za mpira, kisha nyoosha puli yake na gurudumu la juu viwe kwenye mstari mmoja. Mkanda ukienda upande, utajisaga na kutoa vumbi jeusi.

Mkanda wa zamani kwa kawaida utakuwa mrefu. Zungusha kamba kwenye puli zote mbili, ipime, halafu nunua mkanda wa urefu huo. Ukiubonyeza katikati kwa kidole uingie milimita 10 hadi 15. Ukikaza zaidi, beringi zinaumia na mota inaanza kwa shida. Ukilegea, unateleza pale pale penye tabaka nene.

Kabla ya kutia uzi, inua mguu wa kukandamizia kitambaa na ujaribu mwelekeo. Cherehani nyingi za mshono ulionyooka huzungusha gurudumu kumwelekea mshonaji kwa upande wa juu, ila fuata mshale uliochorwa kwenye yako. Ikienda kinyume, badilisha mwelekeo kwenye kisanduku cha mota, kile cha kudhibiti mwendo wake. Ukishona hivyo hivyo, uzi utasongamana chini kwenye bobini.

Mwisho, pedali. Mkono unaotoka kwenye kisanduku mara nyingi una matundu kadhaa ya kufungia fimbo. Chagua lililo mbali zaidi na mhimili. Mguu utasafiri zaidi kwa badiliko lile lile la kasi, na hapo ndipo unapopata mwendo laini. Fimbo isimame wima. Kisha weka kikomo cha kasi chini, kama 1,500 kwa mota, na upandishe kidogo kidogo mguu ukizoea.

Swali: Je, siwezi kupunguza kasi ya mota ya klachi kwa regileta ya feni au swichi ya kupunguza mwanga wa taa?

Jibu: Usifanye hivyo. Kasi ya mota hiyo hufuata masafa ya umeme, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, si volti. Ukipunguza volti unapunguza nguvu, mota inavuta umeme mwingi zaidi na koili zinachemka. Kwa mota ya fezi moja yenye swichi ya kuwashia ndani, kasi ikishuka sana koili ya kuanzia inaweza kuingia tena kazini na kuungua. Kama fedha ya sevo bado, weka puli ndogo kwenye mota uliyonayo. Ukitoka milimita 100 hadi 50, kasi inapungua nusu, na gharama ni puli na mkanda tu.

Swali: Nimeweka sevo, lakini kwenye mwendo wa chini inasita, halafu inaruka. Je, ni mbovu?

Jibu: Huenda ni nzima. Zungusha gurudumu kwa mkono mkanda ukiwa umetolewa. Likiwa zito, tatizo liko kwenye cherehani: uzi ulionasa, mafuta yaliyoganda, uchafu. Likiwa jepesi, punguza puli. Ikiwa tayari ni milimita 45 na bado inasita, funga kipunguza kasi, yaani puli mbili za ukubwa tofauti kati ya mota na cherehani. Cha uwiano wa tatu kwa moja hupunguza kasi mara tatu na kuongeza nguvu karibu kiasi hicho hicho.

Swali: Tangu niweke sevo nashona polepole, na kioo cha mafuta cha juu hakionyeshi kitu. Nifanyeje?

Jibu: Pampu ya mafuta ya cherehani za kasi huzungushwa na mhimili wa cherehani, na ikienda taratibu mno mafuta hayafiki juu. Angalia kwanza kiwango kwenye beseni la chini. Kikiwa sawa, toa uzi, inua mguu na uiendeshe kwa kasi ya kati mpaka mafuta yaonekane kwenye kioo. Rudia kila unapoanza kazi, na utie matone kwa mkono kwenye mwamba wa sindano, kile chuma kinachoshika sindano. Ukiacha vyuma vikavu, vitashikana.

Swali: Sevo haina sauti ikisimama. Kuna hatari yoyote?

Jibu: Ipo, na ni ya vidole. Ukimya unamfanya mtu adhani imezimwa, anatunga uzi huku mguu uko juu ya pedali. Zima swichi kila unapobadilisha sindano au kugusa bobini, na hakikisha waya wa ethi umefungwa kwenye mwili wa mota na soketi yenyewe ina ethi inayofanya kazi.