Kwa Wanaoanza Kulinganisha Sheria za Kazi za Mashambani

Nilipoanza utafiti huu niliandaa jedwali la nchi na miaka, nikaandika Marekani 1938 na Brazili 1943, kisha nikahitimisha kwamba kibarua wa shambani katika nchi hizo alilindwa mapema. Hitimisho hilo lilikuwa kosa kubwa, nami nalieleza ili ninyi mnaoanza msilirudie.

Sheria ya Marekani ya 1938, iliyoweka kima cha chini cha mshahara, haikumhusu mfanyakazi wa kilimo. Kima hicho kilimfikia mwaka 1966, tena katika mashamba makubwa tu, na malipo ya saa za ziada sheria hiyo haimpi hadi leo. Brazili nayo ilipokusanya sheria zake za kazi mwaka 1943 iliwaacha nje watu wa mashambani. Ikawatungia sheria yao mwaka 1963, na usawa wao na wafanyakazi wa mjini ukaja kuandikwa katika katiba ya 1988. Kwa hiyo, kabla ya kunakili mwaka wowote, someni kifungu cha tafsiri ya maneno na vifungu vinavyotaja wasiohusika, kwa kuwa humo ndimo kibarua alimoachwa.

Mkifika Afrika Mashariki, njia hiyo peke yake haitoshi. Sheria ya kikoloni haikumsahau kibarua. Ilimtaja mara nyingi, lakini kwa kumfunga. Nchini Kenya, Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilimpeleka gerezani aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha, na sheria nyingine, ile ya Wenyeji Wakaazi (Resident Natives Ordinance) ya 1918, ilimtaka skwota, yaani Mwafrika aliyeishi katika shamba la mlowezi, amfanyie mlowezi huyo kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Tanganyika ilipata sheria yake ya mabwana na watumishi mwaka 1923. Ndiyo maana jedwali langu la pili lina safu inayoonyesha ni nani aliyeweza kufungwa kwa kuvunja mkataba, na safu hiyo imenifunza mengi kuliko ile ya miaka.

Muwe waangalifu pia na maneno. Kipande cha Kenya kilikuwa hati ya utambulisho ambayo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, ilhali kwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, iliyopaswa kujaa ndipo alipwe. Mimi nilizichanganya hati hizo mbili katika sura nzima, na ikanibidi niiandike upya.