Miwani ya uhalisia pepe au pedi nne za sebuleni: niliyoyaona nyumbani kwangu

Mkuu, umeuliza kitu ambacho nimekiishi. Una watoto watatu, fedha uliyotenga inatosha kitu kimoja, na nyumba imegawanyika: kijana mkubwa anataka miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayoziba macho yote na kukufanya ujione uko ndani ya gemu, mama watoto anataka konsoli, mashine ya magemu ya kuunganisha na televisheni, yenye pedi nne za kushika mkononi ili wote wacheze. Wadau walionitangulia wamekulinganishia ubora wa picha na wingi wa magemu, na hayo yana nafasi yake. Mimi nina vyote viwili ndani, miwani ikiingia mwaka wa nne sasa, na ningekushauri uanze na swali jingine: mmoja wenu akishavaa miwani, waliobaki kwenye kochi watakuwa wanafanya nini?

Kabla ya miwani, Ijumaa jioni kwangu ilikuwa ya mashindano ya magari. Skrini tunaigawa mara nne: mimi, mke wangu, binti yetu mkubwa aliyekuwa na miaka 13, na mdogo wake wa kiume wa miaka 10. Kitinda mimba, miaka 6, alikuwa anapokea pedi ya yeyote aliyeshika mkia. Mama yangu mzazi anaishi nasi. Hakuwahi kugusa pedi, lakini ndiye aliyekuwa mwamuzi: anajua zamu ya nani, nani kaonewa, nani kamsukuma mwenzake kwa kiwiko ili akosee kona. Kitinda mimba hakuwa dereva mzuri, ila aligundua kitu ambacho sisi wakubwa hatukukiona, kwamba kaka yake akitaka kumpita mtu huuma mdomo wa chini. Basi akaacha kuangalia skrini akawa anamwangalia kaka usoni, na mdomo ukiumwa tu anamziba njia. Alishinda hivyo mara kadhaa. Sehemu kubwa ya gemu lile ilichezwa kwenye nyuso za watu waliobanana kwenye kochi moja.

Miwani ilipofika, usiku wa kwanza ulikuwa wa furaha tupu, sikudanganyi. Kila mtu alitaka kumwona mwenzake akitembea kwenye ubao juu ya ghorofa huku magoti yanamtetemeka katikati ya zulia. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini zamu zilikuwa ndefu mno. Kuvaa, kukaza mkanda, kurekebisha lenzi, kuchora upya mpaka wa eneo la kuchezea, halafu dakika kumi za gemu lenyewe. Wa nne anafikiwa baada ya saa nzima. Wiki ya tatu nikaona sebule imebadilika: mmoja amesimama katikati anapunga mikono, wengine kila mtu na simu yake. Tulijaribu kurusha picha kwenye televisheni ili wote waone. Tatizo ni kwamba picha hiyo inafuata kichwa cha aliyevaa, kila anapogeuka nayo inayumba, na mama akasema inamtia kizunguzungu. Akahamia chumbani kwake. Mwamuzi wetu akawa ameondoka hivyo.

Kwa kitinda mimba lilikuwa zito zaidi, maana hakuruhusiwa kuvaa. Hili ulipime vizuri kwa sababu una mdogo pia. Sony ilipotoa miwani yake, PlayStation VR, mwaka 2016 iliweka kikomo cha miaka 12. Meta, wenye Facebook na miwani za Quest, nayo ilikuwa na kikomo cha 13 mpaka 2023, iliposhusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Zaidi ya macho na akili, kuna umbo: miwani hizi zimepimwa kwa vichwa vya watu wazima. Quest 2, kwa mfano, lenzi zake unaweza kuziweka kwa umbali wa aina tatu tu kati ya moja na nyingine, milimita 58, 63 na 68, na mboni za mtoto mdogo zimekaribiana kuliko hapo, kwa hiyo picha haimkai sawa.

Jioni moja binti yangu alikuwa anacheza gemu la kukata vipande kwa mapigo ya muziki, mgongo ukiwa kwetu. Kitinda mimba akaja na mchoro alioutengeneza. Akamwita mara mbili, tatu. Masikio ya dada yamejaa muziki. Akasogea karibu zaidi, mkono wa dada ukarudi nyuma kwa nguvu, na kishikio cha kuchezea alichoshika kikampata mdogo wake juu ya nyusi. Nilikuwa hatua chache kutoka pale na simu mkononi, na hilo linaniuma mpaka leo. Dada alivua miwani akakuta damu kwenye uso wa mdogo wake na karatasi chini, akalia kuliko aliyeumia. Kidonda kilikuwa kidogo, tukakisafisha na kukifunga wenyewe. Kilichonikaa ni maneno ya mtoto usiku ule nilipokuwa namlaza: "Nilimwita, akakataa kunisikia." Kwa akili ya miaka sita, dada yupo pale amesimama, sasa kwa nini asiitike? Mtu mwenye pedi ukimwita anajibu "ee" bila hata kugeuka, na ile "ee" inamtosha mtoto.

Niliifungia miwani kabatini kwa miezi miwili.

Katika miezi hiyo nilisoma sana historia ya vitu hivi, na nikakuta mvutano wetu wa sebuleni ni wa zamani. Pong, gemu la tenisi ya mezani la 1972, ilikuwa ya watu wawili. Bila mwenzako kushika upande wa pili hakuna gemu. Mwaka 1995 Nintendo walitoa Virtual Boy, kifaa cha kuinamia na kutumbukiza macho ndani, picha nyekundu kwa nyeusi, mtu mmoja tu. Hakikumaliza hata mwaka sokoni. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ikatoa Nintendo 64 yenye matundu manne ya pedi kwa mbele, na watu wa umri wangu wengi wanaikumbuka kwa sababu ya matundu yale. Kisha 2006 ikaja konsoli yao ya Wii, ambayo ziliuzwa zaidi ya milioni 100, na mtu ambaye hajawahi kushika pedi aliweza kurusha mkono na kucheza tenisi huku wote wanaona anachofanya na kwa nini kinachekesha. Sisemi Virtual Boy ilikufa kwa upweke peke yake, ilikuwa na kasoro nyingi. Nasema tu waliotengeneza Nintendo 64 walijua kwenye kochi hakai mtu mmoja.

Miwani ilitoka kabatini kwa sababu ya gemu moja, na hapa nataka niende taratibu kwa kuwa ndipo nilipobadilika mawazo. Linaitwa Keep Talking and Nobody Explodes, la 2015. Aliyevaa miwani yuko chumbani na bomu linalohesabu dakika kurudi nyuma. Analiona bomu ila hajui namna ya kulizima. Wengine wana mwongozo wa kurasa 23, unaoweza kuuchapisha kwenye karatasi, lakini bomu hawalioni. Kwa hiyo lazima mzungumze. Aliye ndani anasema: "Nyaya tatu, mbili za bluu, moja nyeupe." Walio nje wanapekua: nyaya zikiwa tatu na hakuna nyekundu hata moja, kata ya pili. "Kata ya pili!" "Ya pili kutoka juu au chini?" Na saa inakwenda.

Mama yangu, yule aliyekuwa amehamia chumbani, alichukua kurasa za nyaya akazishika yeye. Alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu na anasoma maelekezo kwa utulivu ambao sisi hatuna. Binti yangu akiwa ndani anapiga kelele, mama anamwambia, "Mjukuu wangu, pumua. Sasa niambie tena, moja moja." Kitinda mimba alipewa kazi ya kutangaza saa. Mwanangu wa kati akashika kurasa za alama za ajabu, zile za kueleza umbo bila jina, na nadhani siku ile ndipo nilipomsikia akiongea kwa ufasaha kuliko siku zote. Aliyevaa miwani alikuwa haoni mtu yeyote, na bado sikuwahi kuwaona wakisikilizana namna ile. Gemu hilo linachezwa pia bila miwani, mmoja akikaa na kompyuta peke yake upande mmoja, kwa hiyo lijaribuni hata kama hamtanunua.

Kuna mengine ya aina hiyo. Acron, la 2019, mwenye miwani ni mti mkubwa unaolinda mbegu zake, wengine ni kindi wanaoziiba kwa kutumia simu zao za kawaida. The Playroom VR ya PlayStation nayo ilikuwa na mchezo wa paka na panya: aliyevaa ni paka, waliobaki ni panya kwa pedi, na televisheni inaonyesha picha yao wenyewe, tofauti na anayoiona paka. Ila ni machache ukilinganisha na magemu ya mtu mmoja mmoja, na utayatafuta kweli kweli.

Jambo la pili lililonifanya nisiiuze ni dada yangu. Anaishi nchi nyingine, tunaonana kwa nadra. Naye ana miwani, na kila baada ya wiki mbili tunacheza gofu ndogo, Walkabout Mini Golf, watoto wakiwa wamelala. Sauti yake inatoka upande aliosimama. Akiinama kuangalia shimo, kichwa kinainama kweli, na mimi naijua ile namna yake ya kuegemea bega moja tangu tukiwa wadogo, hata kwa umbo la katuni naiona. Simu ya video tulikuwa tunamaliza ya kuongea baada ya dakika kumi. Kwenye gofu tunakaa saa nzima, robo yake tumenyamaza tu, tunapiga mpira. Kwa hilo kochi haliwezi kunisaidia.

Mambo ya vitendo kwa haraka. Pima sebule: inashauriwa upate kama mita 2 kwa 2 zilizo wazi kabisa, meza ikiwa imeondolewa. Kichefuchefu kipo, kinakuja macho yakisema unatembea na sikio la ndani likisema umesimama; anzeni na magemu ya kusimama sehemu moja, na anayejisikia vibaya avue pale pale, asijikaze. Chaji ya miwani isiyo na waya hudumu saa mbili au tatu. Na kwetu kuna sheria isiyojadiliwa: mtu akivaa, mtu mzima mmoja anaweka simu chini na kuwa mlinzi wake.

Kwa hali uliyoieleza, watoto watatu na mdogo wao miaka saba, nunua konsoli na pedi nne. Mkalishe kijana wako umweleze sababu, usimwambie tu hapana, na umtafutie nafasi ya kuvaa miwani ya rafiki mara kwa mara ili ajue kama hamu yake inadumu. Ikidumu mwaka mzima, ichukueni, na la bomu liwe la kwanza.

Kitinda mimba wetu anatimiza miaka 10 mwezi ujao. Ameshasema anachotaka: avae yeye, saa atangaze kaka, na kurasa za nyaya asome bibi.