Wastaafu na magari yaliyolala: nawajibu

Shikamoo. Nimestaafu, na gari langu sasa hutoka mara mbili tu kwa mwezi. Kwa nini niendelee kulipia bima kubwa?

Marahaba, lakini usikimbilie kuifuta. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hulipa hasara utakayomsababishia mwenzako. Gari lako likiharibika, shauri yako. Na gari lililoegeshwa halijanusurika: linaibwa, linaungua, linaangukiwa na mti. Jiulize kama ukilipoteza kesho utaweza kununua jingine kwa akiba yako. Kama huwezi, baki na bima kubwa, au uliza kama kuna ile ya katikati inayojumlisha mtu wa tatu, moto na wizi.

Kisha angalia thamani iliyoandikwa kwenye mkataba. Wengi huhuisha bima mwaka hadi mwaka kwa thamani ileile ya zamani. Ada inakatwa kwa thamani hiyo kubwa, lakini siku ya hasara kampuni kwa kawaida hulipa bei ya soko ya siku hiyo. Hapo ndipo fedha za wastaafu zinapovuja, kuliko kwenye aina ya bima. Usiishushe kupita kiasi pia, maana anayekatia bima nusu ya thamani anaweza kulipwa nusu ya hasara.

Mwambie wakala kwamba huendi tena kazini, unatembea kilomita ngapi kwa mwaka, na gari linalala wapi. Baadhi ya kampuni hupunguza ada kwa hayo. Sema kweli tu. Kilomita za uongo hugunduliwa siku unapodai.

Kila nikitaka kutoka, betri imekufa. Huwa naliwasha na kuliacha lingurume dakika tano kila Jumapili.

Hizo dakika tano ndizo zinazoimaliza. Kuwasha injini hula umeme mwingi, na muda huo mfupi haurudishi uliotumika. Liendeshe nusu saa hivi kila wiki au mbili, mpaka injini ipate moto sawasawa. Ukisafiri muda mrefu, chomoa waya wa hasi kwenye betri, kwa sababu saa na king'ora hunyonya umeme hata gari likiwa limezimwa. Jaza upepo matairi, na kabla ya kuwasha chungulia chini ya boneti: panya hupenda nyaya.

Mume wangu amestaafu. Anashinda jikoni akinifundisha kukata vitunguu. Nifanye nini?

Pole, dada. Mwachie jiko siku mbili kwa wiki, apike yeye, nawe utoke. Sitanii. Mtu aliyezoea kuamua mambo kwa miaka 30 akikosa la kuamua, ataamua kuhusu vitunguu vyako. Anahitaji jambo lenye siku na saa, na watu watakaouliza "mbona hukuja?" asipotokea: kamati, kwaya, kufundisha vijana fani yake. Bustani ni nzuri, ila mchicha haumuulizi mtu alikuwa wapi.

Nimekubali kila ninaloombwa, na nimechoka kuliko nilipokuwa kazini.

Punguza yabaki mawili. Anza na lile ulilokubali kwa kuona haya.

Nimepata cha kufanya: nawapeleka majirani hospitali na sokoni, nao hunilipa kidogo. Kuna ubaya?

Kwa majirani, hapana. Umepata shughuli nzuri kuliko wengi wanaoniandikia. Ubaya uko kwenye bima. Mkataba wa gari la matumizi binafsi kwa kawaida haugusi kubeba abiria kwa malipo, na siku ya ajali abiria mmoja akisema "huwa tunamlipa," kampuni inaweza kukataa dai lako. Kuchangia mafuta huenda kukaruhusiwa, lakini usibahatishe. Waulize, wakujibu kwa maandishi. Wakikataa, ama ukate bima ya kubeba abiria, ama uwapeleke bure. Mjukuu akikusaidia usukani, ulizia na umri wake: mikataba mingi humtoza zaidi dereva kijana, au humkataa kabisa.