Podi ya mtoto na safari ya Tanga

SWALI: Asalaam alaykum dada. Mwanangu ana miaka 11, tuko Leicester, aligundulika na kisukari aina ya kwanza mwaka juzi na tangu hapo ni sindano nne mpaka tano kwa siku. Kliniki wanasema sasa atapewa pampu ya insulini, wametuonyesha ya mrija na hii isiyo na mrija, Omnipod 5, inabandikwa tu mwilini, na yeye anaitaka hiyo hiyo. Mimi naogopa, usiku ikimwagia insulini nyingi je nikiwa nimelala? Na Julai tunaenda Tanga kwa bibi yake wiki tano, umeme huko unakatika na huyu mtoto habanduki baharini. Baba yake naye anauliza italipiwa nini.
Mama wa watatu, Leicester

JIBU: Waalaykum salaam mama, pole na hongera kwa kulea. La baba ni jepesi, hamlipi kitu. Desemba 2023 NICE, wale wanaoamua matibabu gani yatolewe, walipitisha kwamba pampu za aina hii, zinazosoma sukari na kujirekebisha, zitolewe na NHS, huduma ya afya ya serikali, na watoto wote wa aina ya kwanza wamo bila kuangaliwa HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, sisi wakubwa wenye kisukari ndio tunaangaliwa. England wamejipa miaka mitano kuanzia Aprili 2024 kuwafikia watu, ndo maana kuna foleni sehemu nyingi, kwa hiyo mkishaitwa msiiachie nafasi.

Sasa usiku. Podi, yaani hiyo pampu ya kubandika, inaongea na kile kidude cha kupima sukari kinachobandikwa mkononi, Dexcom au Libre 2 Plus, kila dakika 5 inaangalia sukari ilipo na inapoelekea saa moja mbele, ikiona inashuka inapunguza au inasimamisha kabisa. Peni ya sindano haiwezi hivyo, insulini ya siku nzima ukishachoma imeingia huwezi kuitoa. Kwa hiyo hofu uliyonayo ndiyo hasa hiki kidude kilitengenezewa, ila alamu za sukari kushuka usizime hata siku moja.

Mimi ninachokiogopa ni upande wa pili, na naomba unisikilize hapa. Kwenye podi mna insulini ya haraka peke yake, NovoRapid au Humalog, ile ya siku nzima haipo tena mwilini. Podi ikigoma, kanula, kile kijimrija chake, ikijikunja chini ya ngozi, gundi ikiachia, ndani ya saa chache mtoto hana insulini kabisa na ketoni zinaanza, ile sumu inayojaa damuni mwili ukikosa insulini. Mimi ilinikuta kwenye harusi, nimecheza nimetoka jasho, podi imenyanyuka kidogo chini ya mkono wa gauni na sikuona, nikajiona nina kiu tu nikasema ni joto la ukumbini, kupima niko 22 na peni nimeiacha nyumbani. Tangu siku ile peni inakaa kwenye mkoba kama ufunguo wa mlango. Kwa mwanao basi: sukari ikipita 14 na haishuki, pima ketoni za damu, zikiwa zimepanda mchome kwa peni kwa kipimo walichokupa kliniki halafu badilisha podi, usikae unaihurumia eti ni mpya. Ketoni 3 au zaidi, au anatapika, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Tanga. Podi moja inakaa siku 3, wiki tano ni podi 12, waombe kliniki mbebe mara mbili yake maana baharini zitang'oka. Kila podi lazima ijazwe angalau yuniti 85 hata kama mtoto hazimalizi, kwa hiyo insulini itaisha haraka kuliko mlivyozoea, pigeni hesabu mapema. Vyote mbebe mkononi kwenye ndege pamoja na barua ya daktari, kwenye mizigo ya chini insulini inaweza kuganda. Peni na insulini ya siku nzima pia, na karatasi ya dozi zake za zamani za sindano.

Umeme usikutishe sana. Podi ina betri yake na akili ya kurekebisha iko ndani ya podi yenyewe, rimoti, kile kifaa cha kuiongozea, ikizima inaendelea, isipokuwa hamtaweza kumpa dozi ya chakula, so pawabenki muhimu. Insulini ya akiba friji likizima iwekeni kwenye chombo kikavu ndani ya mtungi wa udongo wenye maji kivulini, bibi mtungi anao bila shaka.

Kuogelea ruhusa, podi inavumilia maji mpaka mita 7.6 kwa dakika 60, rimoti ndo isiguse maji. Akiwa majini mawasiliano na kidude cha sukari yanakatika kwahiyo akitoka mpime. Na podi na kidude cha sukari vikae upande mmoja wa mwili, vinavyoonana, la sivyo vinapoteana hata nchi kavu.

Kuhesabu wanga kunabaki palepale. Pampu haijui kwamba bibi amempa vitumbua vinne na chai ya maziwa, lazima iambiwe, tena kabla hajala. Mkae na bibi siku ya kwanza mumfundishe, na mumwonyeshe dalili za sukari kushuka na soda ya sukari ilipo.

SWALI: Dada yangu yuko Uingereza anataka kunitumia podi zake zilizobaki, niko Dar natumia sindano. Nikubali?
Msomaji, Kinondoni

JIBU: Hapana ndugu yangu. Utahitaji podi 10 kila mwezi bila kukosa, rimoti iliyowekwa vipimo vyako na mtu wa kliniki anayeijua, za kubaki zitakuchukua wiki mbili tatu halafu unarudi kwenye sindano huku dozi zimevurugika. Na podi zile daktari wake ameandika kwa ajili yake. Mwambie hela ya kutuma mzigo akupe ya stripu za kupimia sukari, ukipima mara nne kwa siku mwezi mzima unamaliza 120, hapo ndipo utakaposaidika kweli.