Kishikwambi hakijui ng'ombe

Barua za juma hili karibu zote zinauliza kuhusu programu za kufundishia kusoma na kuandika. Inaonekana vishikwambi vimefika, maelekezo bado.

Darasa la pili lina watoto 86, vishikwambi 15. Nianzie wapi? (Mwalimu, Lushoto)

Usianze kwa kuwapa watoto sita kishikwambi kimoja. Nimeyaona hayo: mmoja amekishika, wawili wanagombania kubonyeza, waliobaki wanachezea kandambili. Kila siku chukua watoto 15, kila mmoja na chake, dakika 20. Kundi kubwa linakili sentensi za ubaoni. Wewe kaa mkekani na wale kumi wanaokwama, uwasikilize mmoja mmoja. Faida yenyewe ndiyo hiyo, mashine inakushikia watoto ili upate muda wa hawa. Kila mtoto atakifikia mara moja katika siku sita za masomo. Ni kidogo, lakini ni chake. Anayezitumia dakika hizo 20 kwenda ofisini kuandika andalio la somo asiniandikie tena.

Programu gani ni nzuri kuliko zote?

Nzuri kwa nani? Darasa gani, lugha gani? Swali hili linakuja kila juma likiwa uchi hivi hivi. Livisheni, mlirudishe.

Mwanafunzi wangu anapata nyota zote kwenye programu, nikimpa kitabu anakwama. Kwa nini? (Mwalimu, Kilifi)

Kwa sababu hasomi, anatambua picha. Mwandikie ubaoni "ma", "mba", "nya" bila picha yoyote, utaona.

Tena angalia programu yenyewe ilizaliwa katika lugha gani. Nyingi zilitungwa kwa Kiingereza, zikabadilishwa maneno tu. Zinamhangaisha mtoto na sauti ya herufi mojamoja, wakati sisi tumesoma kwa silabi tangu enzi za ba be bi bo bu, na Kiswahili kinakubali hivyo. Nilikaa na mtoto mmoja akisikiliza sauti ya programu ikitamka "ngombe", ng ile ya "ngoma". Aliniangalia, akacheka, akabonyeza jibu sahihi. Yeye anafuga ng'ombe kwao. Asiyefuga ataamini mashine. Kabla ya kuipeleka darasani, isikilize wewe mpaka mwisho: ng', dh, gh, na l na r zake.

Hatuna intaneti, umeme ni wa kubahatisha. Tuachane nazo?

Hapana. Kati ya 2017 na 2019, watoto wa vijiji vya mkoa wa Tanga walijifunza kwa vishikwambi vilivyochajiwa kwa jua, programu zote zikiwa ndani ya kifaa. Yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutunga programu za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe. Timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitoka sare katika ushindi mwaka 2019. Kwa hiyo tafuta programu inayofanya kazi bila mtandao, uipakue ukiwa mjini.

Ila nawaonya wanaolitaja jaribio hilo kila wanapotaka kupunguza walimu. Wengi wa watoto wale hawakuwa wakienda shule kabisa. Kumpa kitu asiye na chochote ni jambo moja, kumnyang'anya mwalimu aliye naye ni jingine.

Programu inaweza kunisahihishia insha?

Usiitegemee. Kompyuta yangu hupigia mstari mwekundu neno kama "hawajatupelekea", ambalo halina kosa lolote, kisha inaliacha kosa kama "kitabu yangu" lipite. Shika kalamu.

Mkuu wa shule anataka nipige picha za watoto na vishikwambi kwa ajili ya wageni.

Piga. Halafu mwulize mara ya mwisho vilichajiwa lini.

Makelele! Vikilia vyote 15 darasa linakuwa soko.

Nunueni hedifoni za bei rahisi, za waya, na mzihesabu kabla kengele haijalia. Pesa zikikosekana, wapelekeni chini ya mwembe.