Makaa badala ya platini

*Mwalimu wangu alisema kaboni inaweza kufanya kazi ya platini kwenye seli za haidrojeni. Ni kweli? (Msomaji, Kakamega)*

Ni kweli, ila si kaboni tupu. Ndani ya seli hizo, zinazotoa umeme kwa haidrojeni na oksijeni, oksijeni ya hewani hupokea elektroni, mwishowe ikawa maji. Hatua hiyo ni ya polepole mno bila kichocheo, yaani kitu kinachoiharakisha bila chenyewe kuisha, na platini, metali inayotumika kwa kazi hiyo, ni ghali. Mwaka 2009 kundi la Liming Dai, Marekani, lilionyesha kuwa mirija midogo mno ya kaboni iliyotiwa naitrojeni ilifanya kazi vizuri kuliko platini katika alkali. Naitrojeni huvutia elektroni kwake, kaboni za jirani zikapungukiwa, na oksijeni ikapata pa kushika. Kwenye asidi hali ni tofauti: huko platini ingali mbele.

*Gugumaji limetuzibia njia ya mitumbwi hapa Dunga. Haliwezi kutengenezwa hicho kichocheo? (Mvuvi, Kisumu)*

Linaweza, ndugu yangu, na watafiti wameshalijaribu. Mmea huo una naitrojeni yake katika protini. Hukaushwa, kisha hupashwa moto mkali pasipo hewa, kwa nyuzijoto 700 hadi 1000, likabaki kaboni yenye vitundu vingi. Lakini sitaki kukupa tumaini la uongo: seli moja huhitaji kichocheo kidogo sana, kwa hiyo ziwa halitasafishwa kwa njia hii.

Kuna jambo jingine linalonikera. Gugumaji hufyonza metali majini, chuma na manganizi zikiwemo. Kaboni isipooshwa vizuri kwa asidi, chembe hizo hufanya kazi kimyakimya, sifa ikaendea kaboni. Yamewahi kutokea hata kwa grafini (kaboni nyembamba ya tabaka moja la atomi) ya maabara, manganizi ikagundulika baadaye. Anayetangaza "bila metali" sharti apime metali kwanza, atuonyeshe kipimo.

*Naweza kujaribu nyumbani kwa jiko? (Mwanafunzi, Nakuru)*

Kutengeneza kichocheo, hapana. Jikoni hewa inaingia, utapata majivu.

Oksijeni ikipokea elektroni, hilo unaweza kulipima mwenyewe. Tandaza karatasi ya alumini, weka juu yake tishu iliyolowa maji ya chumvi, kisha rundo la unga wa makaa ulioloweshwa kidogo. Waya mmoja wa mita ya kupimia umeme uguse alumini, wa pili uchomeke kwenye makaa, na makaa yasiguse alumini. Utasoma chini ya volti moja. Sasa geuza mita ipime mkondo, ukandamize makaa kwa kidole: mguso ukikaza, mkondo hupanda. Halafu yafunike kwa nailoni, usubiri, uangalie unavyoshuka hewa inapoisha.