Dadako aliyekwama Roma: yalotufika mimi na mamangu Milano

Ndugu yangu wa Lamu uloandika jana usiku, nimesoma habari ya dadako mara mbili na wallahi moyo umenishuka, manake haya nimeyapitia. Kwa wasioiona: dadake yuko uwanja wa ndege wa Roma na mtoto wa miaka miwili tangu jana asubuhi, ndege ya kumrudisha Mombasa imeharibika, kila saa aambiwa subiri, amepewa maji na biskuti, viza yake yaisha leo na aogopa akiondoka getini ndege itamuacha. Umeuliza afanye nini, nami nikuandikie kwa urefu, kwa sababu siku yetu mimi na mama hatukuwa na mtu wa kutwambia lolote.

Ilikuwa mwezi wa pili 2019. Mimi ni wa Malindi, Shela. Nilikwenda kumchukua mama Italia, alikuwa kwa dadangu aliyeolewa kule karibu na Bergamo. Safari yetu ilianzia Malpensa, Milano, tukapitie mji wa katikati halafu Mombasa, tiketi moja. Kampuni siitaji. Ndege ilikuwa iondoke saa 5 asubuhi, tukapanda, tukafunga mikanda, tukakaa humo karibu saa moja na nusu bila ya kusogea, mwisho tukashushwa. Wakasema tatizo dogo, nusu saa tu. Hiyo nusu saa ikawa saa 31.

Sasa sikiliza hapa. Mimi sina ugomvi na ndege mbovu kukaa chini, bora ikae chini kuliko ituue angani. Ndege ikiharibikia mbali na kwao spea yaweza kutoka nchi nyingine, na hairuki mpaka fundi mwenye leseni aweke sahihi, na spea ikichelewa basi rubani na wenzake nao saa zao za kazi zinaisha, kisheria hawawezi kurusha tena mpaka walale. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, spea ilifika jioni lakini wafanyakazi wa ndege muda ulikuwa ushapita, ikawa ni mpaka kesho. Kilichoniuma ni kuwa haya yote sikuambiwa kwenye kaunta. Niliyasikia kwa masikio yangu, si unajua sisi wa Malindi Kitaliano tumekulia nacho, mimi nimefanya kazi hoteli miaka sita, nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake *guasto*, yaani chombo kimeharibika. Kwenye skrini abiria walikuwa waandikiwa "sababu za uendeshaji". Hilo neno guasto ndilo lililotuletea haki yetu baadaye, nitakwambia vipi.

Mama yangu ana sukari. Dawa zake nilizitia kwenye begi kubwa, kosa nisilolirudia tena, na begi liko tumboni mwa ndege. Kufika saa 9 alasiri alikuwa hajala, vocha tulopewa ilikuwa ya mkate wenye nyama ya nguruwe, mama akaufunika kwa kitambaa akauweka pembeni, akanambia "mwanangu usigombane na watu wa watu, Mungu ndiye mpangaji." Nami nikanyamaza, kwa heshima yake. Saa tatu nzima nilinyamaza huku yeye anatetemeka mikono, na mpaka leo nikikumbuka hunijia machozi. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivi, mtu aona haya kupaza sauti mbele ya wageni, na wale waliokwenda kaunta na kusimama pale hawakuondoka walihudumiwa kabla yetu. Nilipokwenda mwishowe sikupiga kelele, nilisema tu: mamangu ni mgonjwa wa sukari, dawa ziko kwenye begi, nataka daktari wa uwanja na nataka uniandikie kwa maandishi kuwa umeambiwa. Alipoona nimetoa kalamu akainua simu. Daktari alikuja kwa dakika ishirini na vocha wakaibadilisha tukapata piza ya jibini.

Kwa hivyo dadako aende kaunta sasa hivi na aseme mtoto ana miaka miwili. Umoja wa Ulaya wana sheria nambari 261 ya mwaka 2004, nayo yamshika abiria yeyote anayeondoka uwanja wa nchi zao, awe na pasipoti ya Kenya au ya wapi, na kampuni iwe ya taifa lolote. Kwa safari ndefu kama hii ya kuja kwetu, ndege ikichelewa kwa saa 4 au zaidi lazima wakupe chakula na kinywaji cha kutosha muda wenyewe, ikiingia usiku wakupe hoteli na gari la kwenda na kurudi, na simu mbili bure. Si hisani hiyo. Sheria yataja wasiojiweza na watoto wanaosafiri peke yao ndio waangaliwe zaidi, lakini naye amtaje mtoto wake asione haya. Na wakikataa, anunue mwenyewe vitu vya kiasi, maziwa, chakula, nepi, aweke kila risiti, watazilipa.

Viza. Hapa ndipo wengi wetu hulala sakafuni kwa hofu tu. Ya mama ilikuwa yaisha usiku ule ule na tulishagongwa muhuri wa kutoka. Nilifikiri tukirudi nje tutashikwa. Tulipelekwa na mfanyakazi wa ndege mpaka kwa polisi wa mpaka, wakaufuta ule muhuri, wakaandika, wakatuachia twende hoteli, na asubuhi wakagonga upya. Sheria yao ya viza yenyewe yasema mtu akizuiwa kuondoka na jambo lisilo mkononi mwake viza huongezwa bila malipo. Lakini dadako asiende peke yake wala asitoke kimya kimya, aende na mtu wa kampuni na karatasi ya kuonyesha ndege imeahirishwa.

Halafu pesa. Ukifika mwisho wa safari umechelewa saa 3 au zaidi, na safari ni zaidi ya kilomita 3,500, fidia ni yuro 600 kwa kila mtu (ukichelewa kati ya saa 3 na 4 wanaweza kuikata nusu), na mtoto wake akiwa amelipiwa tiketi naye ahesabiwe. Hii ni mbali na chakula na hoteli. Wataleta hoja ya "hali isiyo ya kawaida", na sisi walituandikia hivyo hivyo. Lakini mahakama ya Umoja wa Ulaya ilishaamua tangu 2008 kuwa hitilafu ya kawaida ya mitambo si udhuru, ni sehemu ya kazi ya mwenye ndege. Nilikuwa nimemuomba yule dada wa kaunta karatasi ya sababu, akaniandikia kwa mkono neno lile lile, guasto, akapiga muhuri. Nikaipiga picha nikaituma. Baada ya miezi mitano na imeili saba zikaingia yuro 1,200, zangu na za mama. Kuna watu mtandaoni wanaokufanyia kazi hii wakakata robo au theluthi, mimi naona usiwape mpaka umejaribu mwenyewe. Wakigoma kabisa, Italia kuna ENAC, mamlaka ya usafiri wa anga, unashtaki huko.

Na asitie sahihi vocha ya safari nyingine! Mama mmoja wa Kilifi tulokuwa naye alitia akidhani ni ya chakula, kumbe ameikubali badala ya pesa zake. Vocha haifai bila ya sahihi ya abiria, ndio maana wanaitaka.

Umesema pia ana tiketi nyingine, iliyokatwa mbali na hii, ya ndege ndogo ya kwenda Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, na hiyo imeshampita. Fidia ile haiingizi hiyo. Dai lake ni kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, mkataba wa kimataifa wa safari za ndege, Kenya imo, unadai hasara uliyoipata kwa ushahidi, na una miaka 2 tu ya kufungua kesi. Kwa hivyo tiketi ya Manda aiweke, na akija kwa basi mpaka Mokowe kwenye gati ya kuvukia Lamu, hiyo risiti pia, na ya boti. Wanaoanzia safari Jeddah au Dubai kuja kwetu wakakwama, kwa kampuni zisizo za Ulaya, mkataba huu ndio wa kushika, ile 261 haiwafiki.

Barua yangu ya madai ninayo, kwa Kiingereza na kwa Kitaliano, dadangu aliitafsiri. Niandikie faragha nikutumie usiku huu, abadilishe majina na tarehe tu. Lakini kwanza mpigie simu, muulize mtoto amekula nini tangu asubuhi, na mwambie asimame pale kaunta mpaka wampe chumba.